Kemo: dawa isiyoijua saratani

Muuguzi anaingia amevaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, gauni la kujikinga na miwani ya kukinga macho. Mkononi ana bomba la sindano lenye dawa nyekundu ya kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa za kemikali. Anakaa karibu na mgonjwa, anahakikisha dripu inatiririka vizuri, kisha anaanza kuisukuma dawa taratibu, kila baada ya muda akivuta kidogo kuona kama damu inarudi. Tone moja likimdondokea ngozini, ataacha yote akanawe kwa maji mengi. Mgonjwa anamtazama, na hata asiposema, swali liko usoni: wewe unaogopa tone, mimi unanitia bomba zima?

Swali hilo ni la haki. Muuguzi hana saratani. Dawa ile ni sumu kwake na ni sumu kwa mgonjwa vilevile, ila mgonjwa ana kitu mwilini kinachoumizwa nayo kuliko anavyoumizwa yeye mwenyewe. Muuguzi hana kitu hicho, na kesho atawahudumia wengine, keshokutwa wengine, mwaka hadi mwaka. Kila tone kwake ni hasara tupu.

Neno sumu hukwepwa sana kliniki. Naona heri lisemwe mapema, kwa sababu bila hilo habari nyingine zote za kemo hazieleweki. Na si sumu kwa mfano tu. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia. Kati ya meli zilizolipuka ilikuwamo John Harvey ya Marekani, iliyobeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali, silaha ya sumu. Mabaharia waliogelea katika mafuta yaliyochanganyika na sumu hiyo bila kujua. Daktari wa jeshi aliyetumwa kuchunguza, Stewart Alexander, aliona kwenye vipimo vya waliougua kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Mwaka mmoja kabla, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wameanza kumtibu mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu, inayoanzia kwenye chembe nyeupe, kwa kemikali iliyo ndugu wa gesi hiyo. Uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Baadaye ukarudi, na mgonjwa akafariki. Kwa kuwa ilikuwa siri ya vita, habari hizo hazikuchapishwa mpaka 1946.

Tangu siku hizo dawa zimekuwa nyingi na zimeboreka mno, lakini tabia moja imebaki. Dawa hizi haziijui saratani. Zinachokijua ni seli inayogawanyika.

Mahali dawa inapovizia

Seli moja kabla haijawa mbili ina kazi kubwa. Kwanza inakusanya malighafi. Halafu inanakili DNA yake yote, maandishi ya herufi bilioni 3, mara mbili, maana tuna nakala ya baba na nakala ya mama. Kisha inasuka nyuzi nyembamba sana kutoka ncha mbili za seli. Nyuzi hizo zinakamata kromosomu, yaani mafungu ya DNA hiyo, na kuzivuta huku na huku, kila upande upate seti yake kamili. Ndipo seli inakatika katikati.

Kila dawa ina mahali inapovizia katika safari hiyo. Methotreksati inakaba malighafi: inazuia seli kuitumia foliki, vitamini ambayo bila hiyo herufi za DNA hazitengenezeki. Ndugu yake mkubwa, aminopterini, ndiyo aliyoitumia Sidney Farber wa Boston kwa watoto wenye saratani ya damu, akachapisha matokeo yake mwaka 1948: nafuu ya muda tu, lakini katika ugonjwa ambao mpaka hapo haukuwa na chochote cha kuupunguza. Sisplatini na siklofosfamaidi zinajibana kwenye DNA yenyewe na kuzifunga herufi zake pamoja, za uzi uleule au za nyuzi zake mbili, hivyo hazinakiliki sawasawa. Doksorubisini, ile nyekundu, inajipenyeza kati ya ngazi za DNA na kukikwamisha kimeng'enya kinachozifungua zinapojisokota. Vinkristini inazuia zile nyuzi za kuvuta kromosomu zisisukwe. Paklitaseli inafanya kinyume chake: inaziacha zisukwe, kisha inazikaza zisifumuke tena, na seli inakwama katikati ya kazi.

Katika hali nyingi si dawa inayoiua seli moja kwa moja. Seli ina walinzi wake wa ndani wanaokagua maandishi ya DNA. Wakikuta yameharibika kupita kiasi, wanaiamuru ijiue. Kemo inaleta uharibifu; hukumu inatolewa na seli yenyewe. Ndiyo maana saratani iliyopoteza walinzi hao inaweza kuwa sugu hata dawa ikiifikia vizuri.

Hapa kuna jambo ambalo hurudiwa hata kwenye vipeperushi vya hospitali na halijakaa sawa: kwamba seli za saratani ndizo zinazogawanyika haraka kuliko zote mwilini. Seli za uboho, yaani za ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa, na zile za utando wa utumbo, mara nyingi huzishinda kwa kasi. Kama kasi ndiyo ingekuwa jambo pekee, kemo ingemmaliza mgonjwa kabla ya uvimbe. Kinachookoa ni nidhamu. Seli yenye afya ikijeruhiwa DNA husimama, hujitengeneza, halafu huendelea. Tena akiba ya seli mama kwenye uboho na utumbo kwa sehemu kubwa imelala, haigawanyiki, hivyo dawa inaipita. Dawa ikishatoka mwilini, akiba hiyo inaamka na kujaza pengo. Seli ya saratani imepoteza breki. Inaendelea kunakili maandishi yaliyoraruka mpaka inaanguka.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo tiba yote. Ni nyembamba, na ndiyo sababu mgonjwa hupimwa urefu na uzito kisha kipimo cha dawa kikapigiwa hesabu kwa mita za mraba za ukubwa wa mwili wake. Ndiyo sababu pia anapimwa uzito tena na tena. Dawa nyingi za kawaida zina nafasi ya kukosea. Hizi nafasi hiyo hazina.

Kwa nini haichomwi mara moja ikaisha

Uvimbe wa sentimita moja, ukubwa wa punje ya harage dogo, una seli zipatazo bilioni moja. Chukua mzunguko mmoja wa dawa, yaani sindano na mapumziko yanayoifuata, unaoua seli 99 katika kila 100. Inasikika kama ushindi, lakini zimebaki milioni 10. Mzunguko wa pili unaacha laki moja. Wa tatu, elfu moja. Howard Skipper, mtafiti wa Marekani aliyeihesabu habari hii kwa panya, alionyesha kwamba kipimo kilekile huua sehemu ileile ya seli zilizopo, ziwe nyingi au chache. Hakiui idadi ileile. Na katikati ya mizunguko zilizobaki zinazaana.

Kwa hiyo siku ambayo picha ya CT haionyeshi kitu, na mkono haugusi tena uvimbe, mwilini huenda bado kuna mamilioni ya seli. Hapo ndipo mgonjwa husema: mimi nimeshapona, mizunguko hii miwili iliyobaki ya nini? Daktari aliyechoka hujibu kwamba ndivyo utaratibu ulivyo, na wote wawili wanaondoka bila kuelewana. Jibu lenyewe ni ile hesabu. Mizunguko ya mwisho inapigana na kisichoonekana.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini dawa huchanganywa. Katika seli bilioni moja, hazikosi chache ambazo kwa bahati tu haziumizwi na dawa fulani. Nyingine zina pampu ukutani zinazoitema dawa nje. Dawa moja ikitumika peke yake inazisafishia njia hizo chache. Ukichanganya dawa tatu au nne zinazovizia mahali tofauti, na zenye maudhi (madhara ya pembeni) tofauti ili zisikutane zote kwenye kiungo kimoja, seli ya kuziponyoka zote ni adimu. Hivyo ndivyo saratani ya damu ya watoto ilivyogeuka, kuanzia miaka ya 1960, kuwa ugonjwa ambao wengi wao hupona.

Maudhi yana kalenda

Madhara haya wauguzi wengi huyaita maudhi, na neno hilo ni pole kuliko mambo yenyewe. Lakini mengi yake hayaji ovyo. Yanafuata umri wa seli zilizoguswa, na anayeijua kalenda hiyo hatishiki sana.

Chembe nyeupe zinazopambana na bakteria huishi kwenye damu kwa saa chache tu, pengine siku moja. Uboho usipotuma mpya, akiba inakwisha ndani ya wiki moja hivi. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya sindano kinga inakuwa chini kabisa, kisha inapanda. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zinaishi siku 7 hadi 10, nazo hushuka karibu na wakati huo: fizi zinatoka damu mtu akipiga mswaki, vidoa vyekundu vinajitokeza miguuni. Chembe nyekundu huishi siku 120, kwa hiyo upungufu wa damu hauji kwa kishindo. Unanyemelea, mpaka mzunguko wa tatu au wa nne mgonjwa anajikuta anapumzika katikati ya ngazi alizokuwa akizipanda bila kufikiri. Sasa siku 21 ambazo mara nyingi huachwa kati ya sindano na sindano zina maana: dawa nyingi zinasubiri uboho usimame tena. Damu ikipimwa kabla ya mzunguko na chembe zikawa bado chini, sindano inaahirishwa, na hilo halina maana kwamba tiba imeshindwa.

Hapa naomba nikae kidogo. Siku ya 10, usiku, mgonjwa anasikia baridi. Hana kikohozi, hana kidonda, hana usaha popote. Kipimajoto kinasoma 38. Nyumbani watu wanasema ni uchovu wa dawa, mpe vidonge vya homa alale, asubuhi tutaona. Hilo ndilo kosa linaloua. Usaha na uvimbe wenye wekundu ni kazi ya chembe nyeupe. Zisipokuwepo, bakteria wanaweza kuwa wameshaingia kwenye damu na mwili usionyeshe alama nyingine yoyote zaidi ya homa hiyo. Dawa ya homa inaifuta hata hiyo alama moja. Mgonjwa wa kemo mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi anapelekwa hospitali usiku uleule, apewe antibiotiki kwa mshipa, na wanaomleta waseme mlangoni: yuko kwenye kemo. Asipangwe foleni na wengine.

Mdomo na utumbo una kalenda yake pia. Utando wake hubadilishwa upya ndani ya siku chache, hivyo vidonda vya mdomoni na kuharisha hujitokeza katika wiki ya kwanza au ya pili na kuondoka kinga inapopanda. Mswaki laini na kusukutua kwa maji ya chumvi ni mambo madogo yenye faida kubwa.

Nywele ndizo zinazoogopwa kuliko vyote, ingawa kwa hatari ndizo za mwisho. Kichwani, karibu mashina 9 kati ya 10 yako katika kukua wakati wowote, na seli za chini ya shina ni za haraka mno. Dawa ikizipata, unywele haudondoki siku hiyo. Unaendelea kusukumwa juu, ila ule utepe uliotengenezwa siku ya sindano ni mwembamba, na hapo ndipo unapokatika. Baada ya wiki mbili au tatu mgonjwa anainuka kitandani na kuona mto umejaa nywele. Nyusi na kope huchelewa, kwa kuwa nyingi huwa zimepumzika. Dawa nyingine hazinyonyoi nywele kabisa. Kwa baadhi ya dawa kuna kofia ya baridi inayobana mishipa midogo ya kichwa wakati dripu inapita ili dawa ifike kidogo. Inasaidia wengine, si wote. Nywele hurudi, mara nyingine za aina mpya: zilizokuwa za mawimbi zinarudi laini, au kinyume chake.

Kutapika kuna habari nyingine. Hakuhusiani na kugawanyika kwa seli. Ubongo una kituo kinachoonja damu kutafuta sumu, na utumbo ukiumizwa unamwaga serotonini, kemikali inayopiga kengele kwenye kituo hicho. Mwili, kwa maoni yake, umekula kitu kibaya na unajaribu kukitoa. Zamani sisplatini iliwatapisha karibu wote waliochomwa. Dawa kama ondansetroni, zilizoanza kutumika karibu na 1990, huziba masikio ya kengele hiyo, na deksamethasoni huziongezea nguvu. Siri ni kuzimeza kabla. Kichefuchefu kikishaanza, kukizima ni kazi. Na kile cha siku ya pili mpaka ya tano kina njia yake ya kemikali, ndiyo maana vidonge vya kwenda navyo nyumbani havipaswi kuachwa kwa sababu tu siku ya kwanza ilipita salama. Wapo wanaotapika wakiliona tu geti la hospitali. Hao hawajifanyi; ubongo umejifunza, na hao pia wana matibabu yao.

Yale yasiyofuata kalenda

Ukiacha kutapika, mpaka hapa kanuni ni moja: kinachogawanyika ndicho kinachoumia, na kinachoumia kinajirudisha. Lakini mishipa ya fahamu haigawanyiki, na bado vinkristini na paklitaseli huisumbua. Ni kwa sababu ya zile nyuzi. Ndani ya mshipa wa fahamu nyuzi hizohizo ni reli: ndizo zinazosafirisha mahitaji kutoka kwenye kiini mpaka ncha. Mshipa unaotoka mgongoni mpaka kidole cha mguu una urefu wa karibu mita moja. Reli ikivurugika, mwisho wa safari ndio wa kwanza kukosa mahitaji, kwa hiyo ganzi na kuchomachoma huanzia vidole vya miguu, kisha vya mikono. Mtu anashindwa kufunga kifungo cha shati. Kandambili inamtoka asijue.

Doksorubisini huumiza misuli ya moyo, ambayo haina akiba ya kujirudisha, kwa hiyo madaktari huhesabu jumla ya miligramu kwa maisha yote ya mgonjwa, na hatari hupanda kwa kasi jumla hiyo ikipita takribani 450 hadi 550 kwa mita ya mraba. Sisplatini huharibu figo, ndiyo sababu ya maji mengi ya dripu kabla na baada yake, na huua seli za ndani ya sikio zinazosikia sauti nyembamba. Hizo hazioti tena. Siklofosfamaidi hugeuzwa mwilini kuwa kitu kinachounguza kibofu, hivyo mgonjwa huambiwa anywe maji na asikae na mkojo.

Hapa uvumilivu humponza mtu. Ndugu wanamsifu mgonjwa kwamba halalamiki, naye kwa heshima anamwambia daktari kwamba anaendelea vizuri, huku hasikii tena nyayo zake. Ganzi ikitajwa ikiwa bado ndogo, dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Ikitajwa mwishoni, nyingine haiondoki. Kuna na jambo moja la kutaja kabla hata ya sindano ya kwanza: uzazi. Baadhi ya dawa hizi huharibu mayai na mbegu za kiume, na kuhifadhi kunawezekana kabla tu. Wengi hawaulizi kwa kuona haya.

Niliwahi kumsikia mtu kwenye benchi la kusubiri akimfariji mwenzake: ukiona unatapika sana ujue dawa inafanya kazi. Nia yake ilikuwa njema. Lakini tumeona kwamba kutapika ni habari ya kengele ya ubongo na nywele ni habari ya shina la nywele. Hakuna kati yake kinachojua uvimbe unaendeleaje. Anayepita mizunguko yote bila maudhi makubwa hajapunjwa dawa. Kinachojibu ni picha na vipimo.

Lipo na suala la mitishamba, ambalo wagonjwa wengi humficha daktari. Vinkristini yenyewe ilitoka kwenye mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi na meupe, unaopandwa kama pambo sehemu nyingi za dunia, na paklitaseli ilitoka kwenye magome ya mti. Kwa hiyo hoja kwamba mimea ina dawa haina ubishi. Ubishi uko kwenye kipimo. Hukamuliwa mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya vinkristini, na mgonjwa hupewa kwa kawaida isiyozidi miligramu 2 kwa mara moja, kwa sababu ikizidi mishipa ya fahamu inaharibika. Chai ya majani haina mstari wa kupimia. Tena mimea kadhaa hukiharakisha au kukikwamisha kile ini linachofanya kuiondoa kemo mwilini, na dozi iliyopigiwa hesabu ya miligramu kwa mita ya mraba ikawa si ile tena.

Bomba jekundu limekwisha. Muuguzi anasafisha mshipa kwa maji ya chumvi, anavua glavu moja moja kwa kuzigeuza ndani nje, anazitupa kwenye pipa la peke yake. Kabla hajaondoka anamwambia mgonjwa kwamba mkojo utakuwa mwekundu leo na pengine kesho. Ni rangi ya dawa, si damu, asitishike. Kwa siku mbili dawa itakuwa inatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi, kwa hiyo choo kimwagiwe maji mara mbili, na anayefua shuka zilizochafuka avae glavu. Ndugu aliyemsindikiza anauliza ni glavu za aina gani, na muuguzi anarudi kabatini kumchukulia jozi kadhaa.